Spika za Sinema Sebuleni: Kazi Huanza na Chumba

Spika za sinema ya nyumbani hutengenezwa kwa ajili ya chumba ambacho kiwanda hakijakiona. Kijitabu kinachotoka ndani ya boksi kwa kawaida huchora chumba kipana chenye kochi moja katikati na zulia kubwa sakafuni. Sebule ya Kihesa, katika Manispaa ya Iringa, haifanani na mchoro huo. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyopigwa lipu, sakafu ni ya vigae, madirisha ni ya alumini yenye nondo, na masofa yamebanwa kwenye kuta pande tatu. Televisheni iko juu ya meza ndefu, pembeni yake kuna shokesi ya vyombo, na spika ndogo zimefunikwa vitambaa vya kufuma.

Chumba cha namna hiyo kina tabia zake za sauti. Vigae, lipu na vioo hurudisha sauti nyembamba kwa ukali, kwa hiyo maneno ya waigizaji hugongana na mwangwi wake. Matofali hurudisha besi karibu yote. Katika nyumba za mbao na bodi nyepesi, ambazo ni za kawaida Marekani na ndizo miongozo mingi ya spika imeziwaza, sehemu ya besi hupenya ukutani na kupotea. Katika nyumba ya matofali besi hubaki ndani, hujikusanya mahali fulani na kukosekana mahali pengine. Ndiyo sababu seti iliyosikika safi dukani huanza kunguruma siku ya kwanza nyumbani, na mwenye nyumba akadhani ameuziwa kifaa kibovu.

Kabla ya kugusa chumba inafaa kujua namba zina maana gani. Seti ya 5.1 ina spika tano za sauti ya kawaida: kushoto, kulia na katikati mbele, kisha mbili za pembeni kuelekea nyuma. Ile moja baada ya nukta ni njia ya sita, iliyotengwa kwa besi nzito za filamu kama milipuko na ngurumo. Imeandikwa kama sehemu ndogo kwa sababu hubeba sauti za chini tu, zisizozidi hezi 120, yaani mitetemo 120 kwa sekunde. Namba ya 5.1 ilipendekezwa mwaka 1987 na mhandisi Mmarekani Tomlinson Holman. Filamu ya Batman Returns ya 1992 ndiyo iliyoupeleka mfumo wa Dolby Digital, wenye njia hizo, kwenye majumba ya sinema, na mwaka uliofuata Jurassic Park ikaja na mfumo shindani wa DTS. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya stirio, akitaka sauti ya mwigizaji imfuate anapotembea kwenye skrini badala ya kutoka upande mmoja tu wa ukumbi.

Namba nyingine, ile kubwa ya wati iliyochapwa kwenye boksi, inaweza kupuuzwa. Wati 5,000 au 10,000 za PMPO hazina kipimo kinachokubalika popote. Bamba dogo nyuma ya kifaa huonyesha wati kinazovuta kutoka kwenye soketi, na kifaa kinachovuta wati 80 hakiwezi kutoa 10,000. Wati zenye maana ni za RMS, yaani zinazotolewa mfululizo, nazo si za kuabudiwa: kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huihisi kwa mbali. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Fedha inayotafuta wati zaidi mara nyingi ingefanya kazi nzuri zaidi kwenye zulia.

Seti nyingi zinazoitwa sabufa madukani zina boksi moja la besi na spika ndogo mbili, tatu au tano, lakini huingiza sauti kwa waya mbili tu, nyekundu na nyeupe, au kwa bluututhi. Hizo ni za stirio hata zikiwa na spika tano, kwa kuwa spika za nyuma hurudia yaleyale yanayotoka mbele. Seti ya sinema kamili hupokea sauti kwa njia ya dijitali, kupitia HDMI au waya wa mwanga, kisha huigawa yenyewe. Televisheni nyingi za siku hizi zina tundu la HDMI lenye alama ya ARC, ambalo hurudisha sauti ya televisheni kwenye amplifaya. Ikiwa waya umeunganishwa hapo lakini spika za nyuma ziko kimya, mara nyingi kosa liko kwenye menyu ya sauti ya televisheni: imewekwa PCM, ambayo kupitia ARC hubeba njia mbili, badala ya kupitisha Dolby ilivyo. King'amuzi nacho huwa na mpangilio wa aina hiyo.

Hata hivyo ni vyema kukiri kwamba sehemu kubwa ya kinachotazamwa sebuleni ni stirio tangu kwenye chanzo: taarifa ya habari, tamthilia, nyimbo za flashi, mechi nyingi. Filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo msimulizi huzungumza juu ya picha kwa Kiswahili kama alivyofanya Lufufu, mmoja wa watangulizi wa kazi hiyo Tanzania, zina hali yake ya pekee. Sauti ya filamu na ya msimulizi huchanganywa pamoja katika njia mbili, na msimulizi hukaa katikati kabisa. Amplifaya yenye Dolby Pro Logic II au mfumo wa aina hiyo huweza kuitoa sauti ya katikati kutoka kwenye stirio na kuipeleka kwenye spika ya katikati. Kwa filamu hizo huo ndio mpangilio unaofaa. Kwa muziki ni bora kurudi kwenye stirio ya kawaida, maana nyimbo zilitengenezwa kwa spika mbili.

Kazi sebuleni huanza na kiti, kisha ndiyo zifuate spika. Sauti za chini zina mawimbi marefu yanayolingana na urefu wa chumba, na kila kipimo cha chumba hukuza sauti yake. Hesabu yake ni nyepesi: kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, hugawanywa kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 5 kwa 4 hukuza besi za hezi 34 na 43, na dari la mita 2.8 huongeza ya hezi 61. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana hukuza besi ileile kwa pamoja. Baridi ya Iringa haibadilishi mambo mengi hapa. Usiku wa Julai, hewa ikishuka hadi nyuzi 10, kasi hupungua hadi mita 337, na mwinuko wa mji hauna athari kwenye kasi hiyo.

Kwenye ukuta besi hizo huwa nyingi kupita kiasi. Katikati kabisa ya chumba ile ya chini zaidi karibu hutoweka. Mtu aliyeegemeza kichwa ukutani, kama masofa ya sebule nyingi yanavyolazimisha, husikia mngurumo usioisha. Mahali pazuri huwa karibu theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma. Katika sebule ambayo watoto na wageni hupita, hilo haliwezekani kila mara, lakini hata kulivuta sofa kuu sentimita 40 kutoka ukutani huleta tofauti inayosikika bila kipimo chochote. Ni hatua isiyogharimu kitu, na kwa kawaida ndiyo ya mwisho kufikiriwa.

Baada ya kiti kujulikana, spika za mbele hufuata. Kushoto, kulia na kichwa cha msikilizaji vinapaswa kufanya pembetatu yenye pande sawa. Msikilizaji akiwa mita 2.5 kutoka kwenye spika, nazo ziachane kama mita 2.5. Kila moja huwa nyuzi 30 kutoka mstari wa katikati. Kipimo hicho kimo katika pendekezo namba BS.775 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Spika hugeuzwa kidogo kumwelekea msikilizaji, na ile spika ndogo ya sauti nyembamba, twita, hukaa usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, karibu mita moja kutoka sakafuni. Mtindo wa kuzipigilia juu kabisa kwenye kona za dari, unaopendwa kwa sababu huzuia mikono ya watoto, huharibu vyote viwili: sauti hutoka juu ya picha, na kona huongeza mvumo. Stendi za mbao ni dawa rahisi. Mkoa wa Iringa hauna uhaba wa mbao za misindano, kwa kuwa shamba la miti la Sao Hill liko Mufindi, na fundi seremala yeyote huweza kutengeneza stendi mbili nzito zenye kitako kipana.

Vitambaa vya kufuma viondolewe mbele ya spika wakati wa kusikiliza. Kitambaa chepesi cha matundu hakina madhara makubwa, lakini kilichofumwa kwa uzi mnene na kukunjwa mara mbili hufunika herufi kama s, sh na f, ambazo ndizo hutenganisha neno na neno.

Spika ya katikati hubeba karibu mazungumzo yote ya filamu, kwa hiyo ndiyo inayostahili mahali pazuri kuliko zote. Kuiingiza ndani kabisa ya rafu ya meza ya televisheni huifanya izungumze kama mtu aliye ndani ya pipa. Isogezwe mbele hadi uso wake ulingane na ukingo wa rafu, na ikiwa iko chini, iinuliwe kidogo upande wa mbele ili ielekee masikioni. Spika za nyuma hukaa pembeni ya msikilizaji na nyuma kidogo, kati ya nyuzi 100 na 120 kutoka mbele, na zinaweza kuwa juu ya masikio kwa sentimita 60 hivi. Sofa likiwa karibu na ukuta wa nyuma, ni heri kuzifunga kwenye kuta za pembeni kuliko kuzibana nyuma ya vichwa vya watu.

Siku hizi zinauzwa pia spika za Dolby Atmos, teknolojia iliyoanza kwenye sinema mwaka 2012, ambazo hupiga sauti juu ili irudi kutoka darini. Hizo huhitaji dari gumu, tambarare na lisilo juu sana. Dari la gipsamu la madoido, lenye ngazi tatu na duara katikati, hutawanya sauti hiyo kabla haijafika chini; paa la bati lisilo na dari huirusha pembeni. Mwenye nyumba anayejivunia dari la namna hiyo afadhali aweke fedha ya Atmos kwenye spika ya katikati iliyo bora.

Waya haupaswi kuwa wa ajabu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule mafundi umeme wanaoutumia kwa taa, unatosha kabisa kwa spika ya omu 8 iliyo umbali wa mita 10. Nyuzi nyembamba zinazokuja na seti za bei nafuu zinafaa kwa mita mbili tatu. Zikiunganishwa vipande vipande hadi nyuma ya sebule hupoteza nguvu. Kilicho muhimu zaidi ni upande. Nyekundu iende kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, kwa spika zote bila kuruka hata moja. Spika moja ikigeuzwa, wakati yenyewe inasukuma hewa mwenzake huvuta, na besi za zote mbili hufutana; sauti ya msomaji wa habari, badala ya kusimama katikati ya picha, huelea pande zote. Pale alama zilipofutika, betri ya volti 1.5 hutoa jibu: ikiguswa kwenye ncha mbili za waya kwa nukta moja, karatasi ya spika kubwa ikisogea nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Kipimo hiki kifanywe waya ukiwa umechomolewa kwenye amplifaya.

Kuongeza spika za zamani kwenye amplifaya moja ni jambo jingine la kuangaliwa. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na seti nyingi za sinema tayari zina spika za omu 3 au 4. Kuziongezea nyingine hushusha namba hiyo zaidi, umeme unaopita huongezeka, na amplifaya huchemka hadi kujizima au kuungua. Amplifaya za mtumba zinazotoka Japani nazo zina hatari yake. Kule umeme wa nyumbani ni volti 100, Tanzania ni 230. Zile za Marekani ni 120. Kuzichomeka moja kwa moja ni kuziua. Amplifaya hizo huhitaji transfoma ya kushusha umeme inayobeba wati zinazotosha, na kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya fundi au muuzaji kusikilizwa. Tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, majira ya mvua na radi katika Nyanda za Juu Kusini, waya wa dishi na plagi vyote vichomolewe radi inapokaribia, kwa sababu radi hupita pia kwenye waya wa dishi.

Mngurumo mdogo usiokoma, hata filamu ikiwa imesimama, kwa kawaida si kosa la spika. Ni umeme wa hezi 50 unaoingia kupitia nyaya. Waya wa dishi uchomolewe kwenye king'amuzi. Mngurumo ukiisha, chanzo kimepatikana, na mara nyingi kuchomeka vifaa vyote kwenye soketi moja yenye waya wa ethi huumaliza.

Boksi la besi ndilo hutoa maudhi mengi kuliko vifaa vingine vyote, na ndilo lenye uhuru mkubwa wa kuhamishwa. Besi zilizo chini ya hezi 80 hivi hazimwonyeshi msikilizaji zinatoka upande gani, kwa hiyo boksi si lazima likae chini ya televisheni. Kulitia konani huongeza wingi wa besi, na katika chumba cha matofali wingi haukuwahi kuwa upungufu. Njia ya kupata mahali pake inachekesha kuitazama lakini haina mpinzani. Boksi huwekwa juu ya kiti cha msikilizaji, wimbo wenye mstari wa besi unaopanda na kushuka hupigwa, kisha mtu huzunguka chumba akiwa ameinama, masikio karibu na sakafu. Panapo sauti nene hapafai, na panapo sauti nyonge hapafai. Mahali ambapo kila noti ya besi husikika kwa uzito uleule ndipo boksi litakapowekwa, kisha kiti kirudishiwe mtu wake. Zoezi likifanywa mchana, majirani hawaonewi.

Baada ya hapo shokesi itajitangaza yenyewe. Vikombe vitalia, kioo kitatikisika, na fremu ya dirisha la alumini itazizima kwa noti moja tu. Vipande vidogo vya raba chini ya vyombo na kwenye ukingo wa mlango wa kioo humaliza kelele hizo. Wengi hupunguza besi wakidhani spika imepasuka, ilhali kinacholia ni sahani.

Usawazishaji wenyewe una hatua tatu: mgawanyo wa besi, umbali, na ukubwa wa sauti. Mgawanyo huamua ni sauti zipi spika ndogo zisibebe bali ziachiwe boksi la besi. Spika zenye koni ya inchi 5 au 6 hugawanywa vizuri kwenye hezi 80. Zile ndogo za inchi 3 huhitaji 120 hadi 150, vinginevyo hujaribu kubeba zisichoweza na kukwaruza. Kwenye menyu ya amplifaya spika zote hutajwa kuwa ndogo hata kama zina umbo kubwa, na kitufe cha mgawanyo kilicho nyuma ya boksi la besi hufunguliwa hadi mwisho ili kazi hiyo ifanywe mahali pamoja tu.

Umbali hupimwa kwa futi kamba kutoka kila spika hadi mahali pa kichwa cha msikilizaji, kisha huandikwa kwenye menyu. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa elfu moja ya sekunde. Amplifaya huchelewesha spika zilizo karibu ili sauti zote zifike kwa pamoja. Amplifaya zinazojipima zenyewe kwa maikrofoni mara nyingi huandika kwamba boksi la besi liko mita kadhaa mbali kuliko lilivyo. Hilo si kosa la kusahihisha: vifaa vya umeme ndani ya boksi huchelewesha sauti, na mashine inahesabu ucheleweshaji huo.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa mlio wa majaribio, ule unaofanana na mvua, ambao amplifaya nyingi huwa nao kwenye menyu. Kila spika hupigwa peke yake na kurekebishwa hadi kipimo kwenye kiti kisome desibeli 75, kwa mizani ya C na mwendo wa polepole. Programu za simu za kupima kelele zinatosha kwa kazi hii, kwa kuwa kinachotafutwa ni spika kulingana, si namba yenyewe kuwa sahihi. Simu ishikwe mahali pa kichwa, usawa wa sikio, na isifunikwe na mkono. Kwa boksi la besi simu haiaminiki, maana maikrofoni za simu nyingi hukata sauti za chini. Hapo sikio na wimbo unaojulikana vizuri ni bora. Anayetaka kuona mambo kwa picha anaweza kutumia maikrofoni ya kupimia ya USB pamoja na programu ya bure ya Room EQ Wizard kwenye kompyuta, ambayo huchora mlima na bonde la kila besi. Usiku wa mvua kubwa juu ya bati si wakati wa kupima chochote.

Boksi la besi lina pia swichi ya fezi yenye 0 na 180. Wimbo wenye besi ya kati upigwe, mtu mmoja akae kwenye kiti, mwingine ageuze swichi. Upande unaotoa besi nyingi zaidi kitini ndio sahihi. Kisha kiasi cha boksi kishushwe kidogo kuliko moyo unavyotaka. Besi iliyo sawa haionekani hadi filamu inapoihitaji, na msikilizaji aliyezoea sabufa ya baa huiona pungufu kwa wiki ya kwanza.

Maikrofoni ya kujipima, iwe ya Audyssey au YPAO ya Yamaha, hurahisisha yote haya na inafaa kutumiwa ilipo. Hufanya hesabu vizuri, lakini haiwezi kuhamisha sofa. Bonde la besi linalotokana na mahali pa kiti halijazwi kwa umeme. Kila nguvu inayoongezwa hapo chumba huifuta tena. Ndiyo maana kujipima hufanywa mwisho, watu wakiwa wametoka, friji imenyamaza, na maikrofoni iko juu ya stendi badala ya kulazwa kwenye mto wa sofa.

Kabla ya kujipima huko, kinachobaki ni kutuliza chumba. Zulia nene kati ya kiti na spika za mbele ndilo la kwanza kununuliwa, kwa sababu kigae kilicho hapo hurudisha sauti moja kwa moja sikioni. Mapazia mazito yaliyokunjamana hufuata. Kwa kuta za pembeni, mtu mmoja hutembeza kioo kidogo ukutani huku mwingine amekaa kitini. Pale aliyekaa anapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kwanza, na hapo ndipo penye haja ya kitu laini. Fremu ya mbao yenye unene wa sentimita 10, iliyojazwa blanketi kuukuu au sufi na kufunikwa kitambaa kinachopitisha pumzi, hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Trei za mayai, ambazo zimebandikwa kwenye kuta za studio nyingi ndogo, hunyonya kidogo sana, na haziigusi besi kabisa. Vipande vya godoro hunyonya zaidi, lakini sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu; sebule yenye waya za umeme nyuma ya televisheni si mahali pake. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Iringa, vikitundikwa kwa wingi ukutani, hutawanya kidogo sauti nyembamba. Ni pambo kwanza, dawa baadaye.

Kwa majirani, ukuta wa matofali huzuia sauti za maneno vizuri, lakini besi hupita kwenye madirisha, milangoni na juu ya dari. Katika nyumba za kupanga ambazo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iringa na wafanyakazi hukaa chumba kwa chumba, kuta mara nyingi huishia chini ya paa moja, na boksi la besi la chumba cha kwanza husikika cha sita. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, na viwango vya usiku ni vikali kuliko vya mchana. Amplifaya nyingi zina mpangilio wa usiku unaopunguza milipuko na kuinua mazungumzo. Pamoja na boksi la besi kuwekwa juu ya kipande cha raba nene na kushushwa desibeli tano au sita, filamu ya saa nne usiku husikika yote kwa sauti ndogo.

Maneno yakitangulia midomo, menyu ya televisheni au amplifaya huwa na kipimo cha kuchelewesha sauti kwa elfu za sekunde. Kirekebishwe kwa kumtazama msomaji wa taarifa ya habari, si filamu iliyotafsiriwa, ambayo midomo yake haikukusudiwa kulingana na sauti. Vipimo vyote viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya amplifaya, kwa kuwa vifaa vingine husahau mpangilio umeme unapokatika muda mrefu. Sofa likibadilishwa au shokesi ikihamishiwa ukuta mwingine, umbali na ukubwa wa sauti hupimwa upya.